Swali la Sita la Bwana Mkuu

Walimu wenzangu wanaklabu, nabandika hii ubaoni kwa hasira!

Mwezi mzima nimesita kuomba masomo ya udaktari wa fizikia Uingereza. Mama yangu hapa Mtoni ana mie tu.

Leo nikajipa moyo, nikampelekea fomu mkuu wangu wa somo la fizikia shuleni, Mwingereza, aitie sahihi.

Akacheka.

"Mwalimu, fizikia ya juu itakushinda. Nyie Waafrika mna kipaji cha mikono."

Nikachukua fomu yangu, nikageuka.

Akaniita! "Ngoja. Nikokotolee swali la sita, kesho nalifundisha."

Kila wiki ndivyo anavyofanya, jamani!

Nikamwachia swali lake mezani bila kulikokotoa.

Ingekuwa nyie mngefanyaje?

Mie fomu naipeleka posta kesho. Pale pa sahihi yake nimekokotoa swali la sita.