Simu yangu mpya ilinikataa zizini

Leo karibu nipoteze ng'ombe kwa sababu ya kidole changu.

Asubuhi nilikuwa nacheka simu ya Mama. Zetu ni za aina moja, bei ya chini, ila yake ni toleo la mwaka jana na yangu ni la mwaka huu. Yangu hufunguka kwa alama ya kidole. Yake haina hiyo kitu.

"Alama za vidole vyangu ziliisha kwa kuchuma majani chai," Mama akasema. "Wacha nikae na hii."

Mchana ng'ombe akaanza kuzaa. Miguu ya ndama ikatoka, kichwa kikakwama.

"Njeru, pigia daktari," Mama akaniambia.

Mikono yangu ilikuwa damu na ute mpaka kwa kiwiko. Nikaweka kidole, simu ikakataa. Nikakipangusa kwa suruali, ikakataa. Nikajaribu namba ya siri, skrini ikaandika zake. Mwishowe ikaniambia nisubiri kidogo.

Nisubiri, na ng'ombe ameshalala chini, ameacha kusukuma.

Aliyetengeneza hii simu hafugi.

Mama akatoa yake kifuani, imefungwa na karatasi ya plastiki ya mkate vile huibeba akienda kuchuma chai. Haina loki yoyote. Akabonyeza juu ya hiyo karatasi, daktari akashika simu, akaja mbio na pikipiki.

Ndama yuko hai. Wenye ng'ombe, niambieni nyinyi hufanyaje.

Nilipotaka kumpiga ndama picha na kamera yangu mpya, Mama akaniangalia.

"Iulize kwanza kama inakujua."