Wageni wa Bi Nasima

Nasima binti Badawy bin Mahfudh: mjukuu wa Mahfudh aliyewatahiri nusu ya wanaume wa Kibokoni, Mombasa, binti wa Badawy aliyewafunga bendeji makuli wa bandarini, na yeye mwenyewe muuguzi wa jeshi miaka na miaka, aliyemzalisha mke wa meja ndani ya lori njia ya Garissa huku mvua ikipiga turubai. Huyo ndiye aliyekuwa sasa akikaa Marekani, mji wa Saint Louis Park, ghorofa ya pili, akisikia friji ikinguruma.

Mwanawe Alamin ndiye aliyemleta, kisha kazi ikammeza. Akirudi kutoka kazini Golden Valley hula wima na kulala.

Basi Nasima akawasha televisheni. Akaipata tamthilia ya zamani ya madaktari wa jeshi, wanaopasua majeruhi hemani na kufanyiana mizaha, na nyuma yao watu wasioonekana wakiangua vicheko. Kiingereza chao kilimpita mbio, lakini vile vicheko alivipenda. Aliongeza sauti hadi nyumba ikajaa watu. Jambo moja lilimkera: madaktari wakianza kupasua, wachekaji hunyamaza.

"Uongo," aliiambia televisheni. "Sisi hapo ndipo tulipocheka hasa, mikono isitetemeke."

Majirani waliotoka Afrika Mashariki kama yeye walikuwa wamemwahidi watakuja. Hakuja mtu. Akajiambia hawana adabu, wala hakumwuliza yeyote. Binti Badawy haombi kutembelewa.

Siku moja chini kwenye mashine za kufulia akamkuta Peris, jirani wa mlango wa pili.

"Mama Alamin, wewe una raha! Kila jioni sherehe."

"Sherehe gani?"

"Si wageni wako! Nikitoka shifti nakuletea chapati, nikifika mlangoni nasikia vile mnacheka, naona aibu kubisha. Narudi nazila mwenyewe. Na si mara moja! Ona nilivyonenepa."

"Chapati zangu?"

"Na Blandina wa ghorofa ya chini pia alikuja akarudi. Anasema watu wa pwani mnajuana wenyewe tu, mnaringa."

Nasima akakunja upya shuka aliyokwisha kuikunja. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, ni jamaa zangu. Neno lilikuwa mdomoni tayari, tena tamu: binamu, mashemeji, watu wa heshima. Akalimeza.

"Ile ni televisheni, Peris."

"Wote wale?"

"Wote. Hata sura zao sizijui."

Peris akaanza kucheka, akamtazama usoni, akaacha.

"Sasa nisikilize," Nasima akasema, kwa sauti ile aliyowaamrishia askari wageuke wadungwe sindano. "Utapita mlango mmoja mmoja humu. Uwaambie kwa Nasima hamna mgeni, wala hajawahi kuja. Anza na Blandina, maana akishajua huyo, jengo zima limejua. Na usinitilie huruma katika kusema. Sema tu kama unavyosema lifti imeharibika."