Mechi Iliyochezwa Kimya

Nilipokuwa mtoto, sisi wa ukingoni mwa Ziwa Mweru hatukupiga kelele ziwa likiwa limeshika mtu. Ngoma zilinyamaza, na watu waliitana kwa mkono. Tulikuwa watu wa kanisa, ndiyo, Jumapili hatukukosa. Lakini ziwa ni ziwa, na pasta mwenyewe siku hizo alihubiri polepole.

Mwaka mmoja lilimshika kaka yangu Ilunga. Alikuwa anarudi kutoka kisiwa cha Chisenga na mzigo wa samaki wa Baba, upepo wa mchana ukapindua mtumbwi. Wenzake walishika ubao wakaokolewa. Yeye hakuonekana.

Kambo, mama yake Baba, alitandika mkeka wake pale ukingoni mwa maji, akakaa. Mimi nilimpelekea bukari, ugali wetu, hakula. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mutoto iko mu kinywa ya ziwa. Batu bakinyamaza, itachoka, itamutapika tumuzike. Bakipiga makelele, itamumeza."

Basi shida ikawa Jumamosi. Jumamosi ilikuwa fainali ya mpira, Nchelenge yetu na timu ya Mansa, na mshindi anapanda daraja. Ilunga ndiye mfungaji wetu. Watu hawajui ile timu ilikuwa nini kwetu. Sisi tulizaliwa ng'ambo ya ziwa, Kongo, na huku sokoni tuliitwa wageni hata tukikaa miaka. Lakini Ilunga akifunga, kila muuza samaki, Mbemba au Mkongomani, alisema "mutoto wetu". Neno hilo Baba alilipenda kuliko chakula.

Mwansa, kapteni wa timu, alikuja nyumbani akapiga magoti mbele ya Baba. Alimwita baba kwa lugha yake, mengine akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Batata, tuliomba siku ingine, wamekataa. Tusipofika uwanjani, Mansa wanapanda bure. Ilunga ndiye ametufikisha hapa. Ukisema tusicheze, hatuchezi."

Baba alimshika mkono akamwinua. Halafu akasema, "Mucheze. Lakini mucheze kimya. Mi mwenyewe nitaomba batu."

Na aliomba kweli. Alisimama katikati ya uwanja na kofia mkononi, baba mzima, akaomba watu wafunge midomo kwa sababu mtoto wake bado yuko majini. Hata wale wa Mansa walivua kofia. Refa akatia filimbi mfukoni, akasema ataonyesha kwa kitambaa.

Sijawahi kuona mpira kama ule, na sitaki kuuona tena. Ulisikia miguu kwenye vumbi, ulisikia mtu akipumua. Mchezaji wetu alipigwa goti akaanguka, akauma jezi asilie. Uwanja wetu uko karibu na maji, na kutoka nilipokaa, kando ya Baba, nilimwona Kambo mgongo, kwenye mkeka wake. Nilisali mechi iishe bila goli lolote. Afadhali tubaki chini, nilisema moyoni, lakini Yaya, kaka yangu, arudi.

Mwishoni kabisa mpira ulirushwa kutoka pembeni. Mwansa akaruka juu ya wote, akaupiga kichwa, wavu ukajaa.

Kimya. Nakuambia kweli, watu walishika midomo kwa mikono miwili. Aliyepasua kile kimya ni Baba. Alisimama, mikono juu, akaita kwa nguvu zake zote, "Ilunga! Ilunga wangu!"

Basi, nani angezuia tena? Uwanja wote ukalipuka, wanawake wakapiga vigelegele, masufuria yakagongwa, na kelele ile ikashuka moja kwa moja hadi majini. Baba akaketi. Aliweka kiganja kwenye mdomo, kama mtoto aliyevunja chungu. Kule ukingoni Kambo aliinuka, akakunja mkeka.

Alipotufikia hakugomba. Alisema tu, "Twende nyumbani. Imekwisha."

Timu ilipanda, na msimu uliofuata ikashuka. Ilunga hakupatikana, na hatuna kaburi lake. Wavuvi walinieleza baadaye kwamba maji ya huku yanavuta kuelekea Pweto, mtu anaweza kusafiri chini ya matete asionekane kamwe. Mimi ni mtu mzima, nimekubali. Lakini Baba hakukubali. Tangu siku ile hakupaza sauti tena. Aliuza samaki kwa kunong'ona, na wateja walimwinamia kusikia bei. Iliniuma sana, kila siku, kumwona anainamiwa vile.

Kabla hajafa, aliniita karibu na kitanda. "Batu banasema nilisahau," alisema. "Siyo vile. Nilimuona, mwanangu. Ni yeye njo aliruka. Nilimuona na macho yangu."

Nilikuwa nimekaa kando yake siku ile, najua aliyeruka. Nikamshika mkono. "Aliruka muzuri, Baba," nikamwambia.

Kama ziwa linasikia, sijui. Ninachojua ni kwamba mara ya mwisho jina la kaka yangu kuitwa kwa furaha, lilitoka kinywani mwa baba yake. Nyumbani kwetu hakuna aliyeliita tena kwa sauti.