Malkia wa Wahausa Darasani Mwetu

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na baba yangu alikuwa ametoka Kasai kuja kuchimba shaba hapa Musonoi. Darasani nilijulikana kwa kunyamaza. Kusoma nilikuwa nasoma vizuri. Ila nikisimama mbele ya watu, mdomo ulikataa.

Ng'ambo ya barabara, upande wa soko, aliishi mama mmoja Mhausa, mke wa muuza vitambaa. Walikuwa wametoka mbali, Afrika ya magharibi. Mama yangu alimhurumia kwa kukosa ndugu, basi kila Jumamosi alinituma kwake na bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo. Yule mama alikuwa akidarizi kofia, na Kiswahili chake kilijikwaa, lakini hadithi zake hazikujikwaa hata kidogo. Aliniambia habari za malkia wa kwao wa zamani, aliyepanda farasi mbele ya askari wake. Kila alipopiga kambi vitani, aliamuru ujengwe ukuta wa udongo kuizunguka.

"Wanaume walimfuata?" nikauliza.

"Wasimfuate waende wapi?" akajibu, akaendelea kudarizi.

Siku moja mtawa wa Kibelgiji aliyetufundisha, tuliyemwita masere, alituambia kila msichana asimame aseme habari za mwanamke mkuu. Wenzangu wakamtaja Bikira Maria, wakataja watakatifu, mmoja akamtaja malkia wa Wabelgiji. Zamu yangu ilipofika, sijui nguvu ilitoka wapi. Nikaanza kusema: farasi, mikuki, kuta za udongo. Wasichana waliacha hata kukohoa.

Masere akatikisa kichwa, akanikatiza. "Weusi hawakuwa na malkia wa namna hiyo. Utaandika mara hamsini: sitasema uongo tena."

Niliandika nyumbani huku machozi yakidondokea daftari. Mama hakujua kusoma. Akaniuliza, "Unaandika nini?" Nikamsomea. Akaacha kusonga bukari, mwiko ukiwa bado mkononi.

"Ulisema uongo?"

"Hapana, mama."

Kesho yake asubuhi akavaa kitenge chake cha kanisani, akampitia yule mama Mhausa, tukaenda shuleni watatu. Mama yangu alikuwa hajawahi kumwambia mzungu neno lolote zaidi ya ndiyo.

"Masere," akasema mlangoni, "mi sijue kusoma. Lakini mutoto wangu hakusema muongo. Huyu mama ametoka kule. Umuulize yeye."

Mama Mhausa hakungoja kuulizwa. Alichukua chaki akachora mji ubaoni, na kuta kuuzunguka, na malango yake. "Nyumba ya nyanya yangu iliegemea ukuta huu," akasema. "Mvua imeumomonyoa, lakini upo. Nimeushika kwa mkono huu."

Masere aliutazama ule mchoro. Hakuomba radhi, nadhani hakujua namna ya kutuomba radhi. Alichukua daftari langu, akachana ukurasa wa ile mistari, akauweka mfukoni mwake. Kisha akaniambia, "Hukumaliza jana. Maliza."

Nikamaliza, mama yangu akiwa amesimama mlangoni. Wiki hiyo nzima wasichana waligombania nani awe malkia mchezoni, na ilibidi tupeane zamu. Miaka miwili baadaye, masere huyohuyo ndiye aliyekuja nyumbani kumwomba baba aniruhusu nisomee ualimu. Baba alisita, mama akajibu kabla yake. Nimefundisha Mutoshi, karibu na hapa, miaka mingi, na wanaonyamaza darasani huwa nawapa muda.

Asubuhi ile, tulipotoka shuleni na mama Mhausa akashika njia yake ya sokoni, mama yangu hakufika mbali. Alikaa juu ya jiwe kando ya barabara.

"Umeona?" akasema, akaanza kucheka. "Leo nimesema na muzungu, na hakunifukuza."