Nilivyopeleka Mibuni Ngarenaro

Kilichonitoa nyumbani ni koo. Sauti ilianza kukwaruza, ikapungua, mpaka daktari akaniambia ninyamaze, na kama itarudi hakuahidi. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha kina mama wa kikundi chetu, huku juu Meru, kukata mibuni mizee ibaki visiki, ichipue upya. Mvua zinakaribia, na mmoja wao, Mama Eliakimu, alishasema wazi: bibi hasemi tena, tung'oe kahawa, tupande nyanya. Mibuni yenyewe aliachiwa na mama mkwe wake! Basi nikaandika somo kwenye simu, kwa kidole kimoja, mimi niliyeishia darasa la nne, nikashuka kwa Upendo, mke wa mwanangu, anayefundisha kompyuta mjini, aliweke mtandaoni.

Alfajiri nilipanda mbele kwenye gari la ndizi. Ukungu umelala barabarani. Migomba hatukuiona, tuliisikia tu ikipapasa gari. Dereva aliponiuliza habari nikamwonyesha koo. Akacheka. "Basi leo naongea mimi, bibi, pole yako!" Na kweli aliongea mpaka Tengeru, habari za ng'ombe wake anayependa redio. Nikasinzia, nikamwota huyo ng'ombe anakamuliwa, maziwa yanatoka na matangazo ya vifo. Koo likinyamaza kichwa hakinyamazi, nimelijua hilo. Nilipozinduka jua limechomoza na mlima uko kulia kwetu, unaelea, hauna miguu.

Huko mjini, mtaa wa Ngarenaro, Upendo anakaa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Alinipokea mlangoni. "Shikamoo mama. Usijibu! Tikisa kichwa tu."

Baada ya chai akayahamishia maandishi yangu kwenye kompyuta. Tovuti ya kufundishia, alisema, haitaki mbwembwe. Maandishi matupu yanatosha: mbele ya kichwa cha somo unaweka alama ya reli, hii #, kati ya aya na aya unaacha mstari mtupu, kisha programu ndogo inageuza yote kuwa kurasa.

"Zinakuwa zimeshaiva, mama. Mgeni akifika anapakuliwa tu, hakuna kupika tena. Ndiyo maana hata mtandao wenu wa kubahatisha utazibeba."

Katikati ya somo nilikuwa nimepotea, nikaeleza marehemu mume wangu alivyoficha msumeno ndani ya mzinga wa nyuki, akausahau. Nilijua Upendo atafuta. Hakufuta. Aliipa hadithi ukurasa wake, akaacha neno moja la bluu. "Anayemtaka babu aguse hapa. Anayetaka kahawa aendelee." Umri wote huu nalaumiwa kwa kupotoka, kumbe nilikosa kurasa tu.

Tukagombana kwenye salamu nilizotanguliza.

"Hizi tuzitoe, mama. Zimejaza kioo kizima, somo liko chini huko."

Nikaandika kwenye simu yangu, nikamwonyesha: Unaingia kwa mtu bila hodi?

"Hajaingia kwa mtu. Amefungua simu."

Nikaandika: Amenifungua mimi.

Cheche za karakana zilimulika dirisha, zikazimika. Akaziacha salamu zangu.

Kurudi nilipanda gari lilelile, sasa tupu, linanukia majani ya migomba. Dereva naye alikuwa amechoka kuongea. Tulipanda mlima, mawingu yakishuka kutupokea.

Jumamosi kina mama walikusanyika shambani kwa Mama Eliakimu. Mimi nimekaa kwenye kigoda, bubu, yeye kashika simu mkono huu na msumeno mkono huu. Mtandao ukasuasua, kisha ukurasa ukafunguka. Akasoma kwa sauti:

"Hamjambo, mama zangu. Mmeamkaje? Ng'ombe wamepata majani?"

Chini yake palikuwa na mstari mtupu. Akanyamaza. Na wote, bila kuambiwa na mtu, wakaijibu ile simu:

"Tumeamka salama, bibi. Majani yapo."

Hakuna aliyecheka. Mstari ule niliuacha kwa sababu ya programu. Wao waliona ni nafasi yao. Hilo ndilo nililorudi nalo kutoka mjini: kuacha nafasi.

Mama Eliakimu akaendelea: kata kwa mteremko, maji yasisimame juu ya kisiki. Akaipachika simu penye panda ya mbuni wa mama mkwe wake, akaanza kukata. Unga wa mti ukaangukia kioo. Akaupuliza, akasoma mstari unaofuata.