Chuma cha Kukagulia Kamyo

Mpaka leo nikikumbuka, mwili unasisimka. Nilikuwa mkaguzi kwenye kizuizi cha dwane, yaani forodha, upande wa Kabambare, ambako makamyo, malori ya mizigo kutoka ziwani yalipanga foleni kutwa nzima. Mzungu mkubwa wetu alilalamika kwamba tunayachelewesha. Nami nikajifanya mwerevu: badala ya kushusha magunia, nikawa nayachoma kwa chuma kirefu chenye ncha, kisha naiachia kamyo ipite.

Ikaja kamyo ya misioni ya Kasongo. Nikachoma kwa nguvu katikati ya magunia, na kitu kikavunjika kama mfupa. Nilipokivuta chuma, kilikuwa chekundu, kinachuruzika.

"Kuna mutu ndani," nikasema. "Nimemuua."

Madereva wa foleni wakapanda kushusha magunia. Padri aliyekaa karibu na dereva akashuka. Nikapiga magoti matopeni mbele yake, nikaanza kuungama.

Akapitisha kidole kwenye chuma, akakilamba kile kidole. Nilitaka kuzimia.

"Inuka, mutoto wangu," akasema. "Hii iko divai ya misa."

Madereva wote walikuwa wananitazama, nami bado niko magotini.