Asali Haichemshwi Mume Akiwa Porini

Kashata za Apolinaria zilijulikana Ng'ambo nzima, hapa Tabora, na waliomsengenya ndio waliokuwa wa kwanza kuzinunua. Alizipika kwa ufuta na asali ya porini, bila sukari ya dukani, na hakubanduka motoni mpaka asali iive na kukolea rangi. Nyumba yangu ilifuata yake. Nilimjua vizuri mwanamke yule, na hadi leo nikikumbuka alivyotendewa hasira hunipanda.

Hakuwa mtu wa mjini. Aliolewa kijiji kimoja upande wa Sikonge, na mumewe, Bundala, alikuwa mrina asali. Mvua zikiisha, wanaume wa huko waliingia porini, wakapiga kambi, wakawa wanapanda miti ya miyombo kwa kamba za magome kufungua mizinga yao. Wake walibaki nyumbani na miiko. Mkubwa ulikuwa huu: mume akiwa kambini, mkewe asichemshe asali. Akichemsha, nyuki huko porini huchachamaa wakamwangusha mumewe mtini. Padri aliwaambia ni ushirikina. Wakaitikia, "Ndiyo, Baba," wakarudi nyumbani, wakaushika mwiko wao.

Mwaka mmoja, kabla ya vita vya Hitla, Bundala alikuwa porini wakati mama yake, Kashindye, aliposhikwa na homa. Alikataa uji, alikataa hata maji. Akamwambia mkwewe, "Mayo, mama yangu, roho yangu inataka kashata zako tu."

"Mama, Bundala yuko kambini."

"Kidogo tu, mwanangu. Mimi si ndiye niliyemzaa? Nani atajua?"

Mkwe gani atamnyima mgonjwa, tena mama wa mumewe? Apolinaria akachemsha. Bibi akala, akapata nguvu ya kukaa kitako. Kashata hazijaisha, wanaume wakaja na Bundala wamembeba. Alikuwa ameanguka mtini, akavunjika shingo.

Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa. Majirani walikuwa wamesikia harufu ya asali, kwa hiyo swali lilikuwa moja. Apolinaria akajibu kwamba ni kweli, alichemsha. Wakamwuliza alimchemshia nani. Akamtazama Kashindye. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, analia, hasemi neno.

"Ulikuwa uchu wangu mwenyewe," akasema Apolinaria.

Wakamfukuza, ndipo akaja kukaa hapa mjini, jirani yangu. Binti yake, Marcelina, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, wakabaki naye wamlee kwa habari kwamba mama yake ndiye aliyemuua baba yake.

Mimi ningesema siku ile ile, mbele ya wote, na nilimwambia hivyo aliponisimulia.

"Yule mama amefiwa na mwana," alinijibu. "Nimwongezee na kwamba amemuua?"

"Lakini amekuacha uungue wewe!"

"Aliogopa," akasema, akaendelea kupepeta ufuta wake.

Kila msimu alitia kashata kwenye kilindo, mkebe wa gome la mti, akaenda Sikonge kumwona mwanawe. Kila mara mtoto aliitwa ndani, mlango ukafungwa. Marcelina alipokuwa mwali walikutana njiani, hapana wa kumwita. Apolinaria akafurahi, akanyoosha mikono. Binti akamwambia, "Usinifuate. Mimi sina mama." Aliporudi hakupika kwa muda mrefu, nami nilimsikia akilia ng'ambo ya ukuta. Hakuwa na haja na jina zuri wala na shamba la mumewe. Alimtaka binti yake, basi.

Miaka ikapita. Watu wa Tabora walikuwa wamekwisha anza kuzungumza uhuru siku Hilari alipobisha hodi. Alikuwa rafiki ya Bundala na mwenzake kambini, sasa amekonda, kifua kinamsumbua. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai.

"Shemeji, hapakuwa na nyuki," alisema. "Mzinga ulikuwa haujafunguliwa. Kamba yangu ilikuwa imeoza, Bundala akanipa yake mpya, akachukua ile yangu. Akasema mti wake mfupi. Ndiyo iliyokatika."

Nilitaka kumpiga kwa ukuni. "Na ulinyamaza?"

"Walikuwa wamekwisha pata wa kumlaumu. Niliogopa."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alikuja mwenyewe. Apolinaria hakumfokea. Alimwambia, "Utayasema haya kwao, na Marcelina awepo."

Tukaenda, nami nikiwa nao. Kashindye alikuwa kwenye mkeka uani, macho yamekwisha nguvu. Marcelina, sasa mama mwenye mtoto wa kike anayeanza kusema vizuri, alisimama mlangoni, hakutusalimia. Hilari akayasema yote. Mzee mmoja wa ukoo akasema, "Lakini asali alichemsha. Kwa uchu wake."

Nikafungua kinywa. Apolinaria akanibana mkono. Hata hapo, jamani! Hata hapo alikuwa radhi kunyamaza.

"Hilari," akaita Kashindye. "Rudia. Ilikuwa kamba?"

"Kamba, mama. Kamba yangu."

Bibi akajiinua kwenye mkeka. "Basi si mimi," alisema. "Asali ile niliiomba mimi, niliila mimi. Miaka yote hii nimejua kwamba nimemuua mwanangu. Na huyu alijua, akanifichia, nami nikamnyang'anya mtoto."

Akatambaa, akipapasa udongo kutafuta miguu ya mkwewe. Apolinaria akamwahi, akamwinua kabla hajaifikia. Wote wawili walikuwa wanalia, nami pia, sioni haya kusema.

Marcelina alitoka mlangoni. Alikuja mpaka karibu, akasimama. Mwishowe akamsukuma mtoto wake mbele taratibu.

"Msalimie bibi yako," alisema.

"Shikamoo, bibi," akasema mtoto.

Apolinaria akachuchumaa, akamnyooshea mikono.